Mzinga Uliokosa Jina

Baba mkwe wa Mama Pacha hakuwahi kushika bunduki tangu azaliwe. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba, mpaka akastaafu, na adui mkali kuliko wote aliyepambana naye alikuwa mbwa wa watu. Hata hivyo mtaa mzima ulimwita Jenerali, naye aliitika bila kupepesa jicho, kwa kuwa cheo hicho, kwa hesabu yake, alikirithi. Baba yake alikwenda vita vikuu akarudi mzima. Ushahidi ulikuwepo: picha.

Ilikuwa picha ndogo kama kiberiti, imegeuka rangi ya chai, imeliwa na ukungu pembeni, na Jenerali alitembea nayo kwenye pochi. Ukiikazia macho ungemwona kijana mwembamba amesimama wima, ameshika mti mrefu, kando ya dude la chuma lenye magurudumu mawili na bomba lililoelekea mawinguni.

"Mzinga," Jenerali angesema, na kabla hujauliza, "na huyo anayeupiga ni baba."

Hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akatoka bila kuonyeshwa mzinga. Hata fundi bomba alionyeshwa, mikono bado ina tope.

Mama Pacha aliolewa akaukuta mzinga, akazaa akauacha ulipo, na hakuwa na neno nao. Yeye alikuwa na yake. Alifanya kazi katika duka la picha, nyuma ya pazia, mbele ya kompyuta, akikarabati picha kuukuu. Ufundi huo aliupata kwenye masomo ya jioni akiwa mjamzito, tumbo likigonga meza kabla ya vidole kufika kwenye vitufe. Watu walimletea wazee wao wamechanika, wamekunjika, wametafunwa na mende, naye akawafuta vumbi, akawaunga mabega, akawarudishia watu wao wakiwa nadhifu kuliko walivyokuwa hai. Aliipenda kazi ile mpaka akawa anaiota.

Lakini kazi yenyewe ilisimama juu ya nguzo moja tu, na nguzo hiyo ilikuwa Jenerali. Mume wake ni dereva wa malori, leo huku kesho kule. Mama mkwe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Basi kila asubuhi Mama Pacha alipita kwa baba mkwe, mtaa wa pili tu, akamkabidhi wale pacha wa mwaka mmoja na ushee, ambao nyumbani waliitwa Kelele na Kimya. Kelele alilia, ukajua alipo. Kimya hakulia, na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Kimya kwa kawaida ulikuwa kabati.

Jenerali aliwalea wajukuu huku analalamika, akalalamika huku anawalea. Aliwapikia uji, akawalisha kwa zamu, kijiko huyu kijiko yule. Akiudhika alikuwa na silaha moja, na aliifyatua karibu kila wiki: "Kesho usiniletee!" Mama Pacha aliitikia "Haya, baba," na kesho yake akawaleta.

Mambo yakawa hivyo mpaka makumbusho ya mji yalipotangaza maonyesho ya picha za vita, mwenye picha ailete. Jenerali hakungoja tangazo lisomwe mara mbili. Alimfuata mkwewe dukani, pacha mmoja kila mkono, akavuta kiti nyuma ya kompyuta.

"Msafishe baba," akaamuru. "Apendeze."

Mama Pacha akaiweka picha kwenye skana, akaifungua kwenye kompyuta, akaanza. Jenerali akawa anaelekeza begani kwake kama mtu anayemsaidia dereva kurudi nyuma.

"Hilo doa juu ya mzinga, toa."

"Ni doa hili, baba? Naona kama wingu."

"Ni doa la maji. Toa."

"Na hapa chini, mwisho wa huu mti alioshika, pana kitu kimevimba."

"Huo ni mti wa kushindilia risasi. Hilo ni tope. Safisha."

"Na hawa watu wa pembeni?"

Jenerali akasogea, akawaangalia wale askari waliofifia ukingoni mwa picha, akatoa mguno wa dharau. "Kata. Hao ni wadandiaji. Shujaa yeyote akipigwa picha hawakosekani wa kujipenyeza."

Mama Pacha akakata. Kazi ilipoisha, mwenye duka, Mzee Flashi, alikuja kuangalia. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa amepiga picha miaka mingi mno mpaka macho yake mwenyewe yakawa yanawaka na kuzima. Akatazama, akawaka, akazima, akasema, "Umemtendea haki marehemu."

Bibi wa makumbusho aliipokea picha kwa mikono miwili. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na daima alitafuta ule wa kichwani.

"Nzuri sana," alisema. "Mzinga wa aina gani?"

"Mkubwa," akajibu Jenerali.

"Mzee wangu, kila picha inawekewa kibao chini. Lazima kiseme mzinga unaitwaje." Akafungua kitabu kinene cha mizinga, akafunua, akafunua, akabadilisha miwani, akafunua tena. "Huu haumo humu. Ukipata jina kabla ya Jumamosi, naiweka mlangoni, kila anayeingia aione. Ukikosa, nitaandika 'mzinga usiojulikana', na hiyo nafasi yake ni kule nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Karibu na choo."

Jenerali alirudi nyumbani amenyooka kama rula. Mama Pacha alipokuja kuchukua watoto alimkuta mlangoni.

"Wewe umesoma kompyuta," alisema, "na kompyuta inajua kila kitu. Nitafutie jina la mzinga wa baba. Baba yangu hawezi kukaa karibu na choo. Usipolipata, kesho usiniletee. Na kesho kutwa. Na mtondo."

Akawa hatanii sana.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Afande, jirani aliyewahi kuwa jeshini kweli, ingawa ghalani. Alikuja na bakora yake, akaketi, akaishika picha mbali, akaishika karibu, akakohoa.

"Huu," akasema, "ni wa kutungulia ndege. Ona mdomo ulivyotazama juu."

"Nilijua!" Jenerali akapiga paja.

"Ila sasa," Afande akakuna kidevu, "risasi inaingilia wapi?"

"Si hapo. Kwenye mfuniko."

"Mzinga una mfuniko?"

"Huoni? Huo hapo, umefunguliwa."

"Ndugu yangu, nimekaa jeshini mpaka nikaota mvi. Sijawahi kuona mzinga wenye mfuniko."

"Hukuuona kwa sababu ulikuwa siri," Jenerali akajibu. "Wangekuonyesha wewe, si ungeshautangaza sokoni?"

Afande akachukua bakora yake akaenda zake bila kumaliza chai.

Mama Pacha akajaribu upande wa pili. Kwenye simu yake alipata kundi la wapenzi wa silaha, watu wazima wasio na kazi nyingine isipokuwa kubishana juu ya mizinga. Akaitupia picha humo. Wa kwanza alisema ni mzinga wa milimani, wa kubebwa na nyumbu. Wa pili akasema wa kwanza hajawahi kumwona hata huyo nyumbu. Wa tatu akauliza mbona mdomo wa mzinga una kofia ya bati. Wa nne, aliyejiita Baruti Kavu, akaandika kwa kirefu: bomba hili ni jembamba, na chuma chake ni chepesi, mzinga huu ukipigwa, wa kwanza kufa ni mpigaji.

Mama Pacha alimsomea Jenerali maneno hayo. Mzee akavua kofia.

"Unaona baba alivyokuwa jasiri?"

Siku zikasogea. Jina halikupatikana. Alhamisi bibi wa makumbusho akapiga simu dukani: mlangoni au chooni, yeye alitaka picha iliyokuzwa kama mlango wa nyumba. Ile iliyosafishwa ilikuwa imekatwa, ukiikuza inavunjika. Mama Pacha akarudi kwenye ile ya mwanzo, kama ilivyotoka kwenye skana kabla ya kuguswa, akaikuza hadi ikajaa kioo chote cha kompyuta.

Tangu picha ile ipigwe, pengine hapakuwa na mtu aliyeiona kubwa namna hiyo. Akaanzia ukingoni, kwa wadandiaji. Wa mbele alikuwa ameshika kitu cheupe cha duara. Wa nyuma yake pia. Na wa nyuma yake. Walikuwa wamepanga foleni. Na yule wa mbele kabisa, mkono wake ule mwingine, alikuwa ametia kidole mdomoni, anakilamba.

Mama Pacha akapanda juu, kwenye doa. Doa lilianzia kwenye mdomo wa bomba, jembamba, likapanda, likapinda kuelekea kushoto, na kofia ya askari mmoja nayo ilikuwa imeshikiliwa kwa mkono ili isipeperukie huko huko kushoto. Doa la maji halijui upepo. Akashuka chini, kwenye mti wa kushindilia risasi, pale penye tope.

"Mzee," akaita kwa sauti ndogo, "hebu njoo. Hiki ni nini?"

Mzee Flashi akaja na kikombe chake cha chai. "Upawa," akasema bila kufikiri.

"Na hivi?"

"Sahani."

"Na hili dude kubwa lenyewe?"

Mzee Flashi akawaka, akazima, akaweka kikombe chini polepole. "Binti yangu, hiyo ni sufuria yenye magurudumu. Na hilo juu ni bomba la moshi."

Wakatazamana. Kicheko kilimtoka Mama Pacha puani, kikamtoka machoni, akashika meza. Alicheka mpaka akakumbuka pacha. Hapo kikakatika kama maji ya bomba.

"Sasa nitamwambiaje?"

"Umwambie kwa nini?" Mzee Flashi akashangaa. "Mteja haleti picha hapa aone ukweli. Ukweli anao nyumbani kwenye kioo, ndiyo maana katukimbilia sisi. Mpe bibi ile safi, ikakae karibu na choo, dunia iendelee."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Mama Pacha alikaa nao mchana kutwa. Akampigia mumewe. Mume akasikiliza, akasema, "Usimwambie mpaka nirudi."

"Unarudi lini?"

"Bado sijajua," akajibu shujaa huyo, na mtandao ukakatika wenyewe.

Lakini kila alipoinua macho aliwaona wale wanaume ukingoni, na sahani zao. Alikuwa amewakata watu wenye njaa wakiwa kwenye foleni, zamu yao imefika. Kufuta vumbi ni kazi, kuunga bega ni kazi. Hili lilikuwa jambo jingine, na hakutaka watoto wa shule wapite mbele ya mkono wake wafundishwe uongo.

Jioni alimkuta Jenerali anapiga pasi suruali ya Jumamosi. Kelele alikuwa amelala. Kimya alikuwa chini ya meza, anafanya mambo yake.

"Baba, nimepata."

"Jina?"

"Si jina hasa." Akampa simu. "Angalia hapa. Na hapa. Na hapa."

Jenerali akaangalia. Pasi ikabaki pale ilipo.

"Nani kakwambia haya?"

"Picha yenyewe, baba."

"Picha haina mdomo."

"Huyu wa mbele anao. Na kidole kimo ndani."

Jenerali akaikodolea tena simu. Kisha moshi ukaanza kupanda, huu sasa wa kweli.

"Baba, suruali!"

Jenerali akainua pasi. Kwenye paja la suruali palikuwa na alama kama kwato. Akaiangalia kana kwamba si yake.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa naonyesha watu sufuria."

"Baba..."

"Fundi bomba nimemwonyesha. Mchungaji nimemwonyesha. Siku ya harusi yenu nimeizungusha meza kwa meza." Akachomoa waya wa pasi. "Kesho usiniletee."

Safari hii hakuifyatua. Aliisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha, na Mama Pacha akajua kwamba kesho kweli asimletee.

Ijumaa akaenda na pacha dukani. Kelele alilia kila taa ya kamera ilipowaka, na Ijumaa ndiyo siku ya picha za pasipoti. Kimya alipotea. Walipompata, alikuwa nyuma ya pazia lenye maporomoko ya maji ya kuchorwa, anatafuna picha za bwana mmoja aliyekuwa na haraka ya kusafiri. Bwana alirudishiwa sura yake ikiwa haina masikio.

"Binti," Mzee Flashi alisema mteja alipoondoka, na macho yake yalikuwa yanawaka bila kupumzika, "nakupenda kama mwanangu wa kumzaa. Lakini leo ni leo. Jumatatu njoo peke yako, ama usije."

Hajamaliza, bibi wa makumbusho akaingia kuchukua kazi yake. Mama Pacha hakuzunguka mbuyu. "Mama, siyo mzinga," akasema, akamgeuzia kompyuta.

Bibi akabadilisha miwani. Akasogea. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja, mgongo kwenye maporomoko, mkono kifuani.

"Unajua nina mizinga mingapi mimi?" akasema. "Nimeipanga uani kama ng'ombe. Watoto wa shule wakija wanaipanda dakika tano, kisha wananiuliza, shikamoo bibi, hawa watu walikuwa wanakula nini? Nami sina hata kijiko cha kuwaonyesha. Leo unaniletea jiko zima na mpishi wake! Hii inakaa mlangoni."

"Picha ni ya baba mkwe. Hatakubali."

"Hatakubali nini?" sauti ikauliza.

Jenerali alikuwa amesimama kizingitini kwa suruali ya zamani. Hakumtazama mtu. "Nimefuata picha yangu. Nipeni niende."

Pengine angeichukua akaenda kweli. Lakini Kelele alimwona, na saa ya uji ilikuwa imepita. Alilia kilio ambacho hata Mzee Flashi alikitolea heshima. Jenerali akavumilia kidogo, akavumilia tena kidogo, kisha akaguna, akauchukua mfuko wa watoto, akatoa bakuli, akaketi kwenye kiti kile kile cha nyuma ya kompyuta.

"Mtoto analia njaa nanyi mmesimama mnaangalia picha," akafoka. "Nyinyi ni watu gani?"

Kijiko huyu, kijiko yule. Kelele akanyamaza. Kimya alimaliza sehemu yake upesi, akatia kidole mdomoni, akainamisha kichwa upande, akamtazama babu yake usoni. Hakutazama bakuli. Alitazama uso.

Kijiko cha Jenerali kikasimama hewani. Akamwangalia Kimya. Akainua macho kwenye kompyuta, ambako askari wa mbele alikuwa amejaa nusu ya kioo na kidole chake, macho usoni mwa mpishi.

"Huyu hayuko kwenye foleni," akasema.

"Vipi?" bibi akauliza.

"Huyu keshakula. Amerudi kuomba nyongeza."

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Ambaye hajala anaangalia sahani yake. Anayetaka nyongeza anaangalia uso wa mpishi. Mama, mimi nawalisha hawa kila siku ya Mungu, nisijue?" Akasogeza kiti. Sasa alikuwa anamtazama baba yake. Uso ule uliokunjamana, ambao maisha yake yote aliamini unamkodolea adui, ulikuwa unamkodolea mlafi. "Na baba kamkasirikia, ona. Kamkunjia uso kweli kweli." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Lakini upawa umesharudi juu ya sufuria."

Mzee Flashi alijisingizia vumbi jichoni, na kwa macho yake nani angembishia.

Jenerali akampa Kimya kijiko cha nyongeza, akamkunjia uso, kisha akasema bila kugeuka, "Hiyo ndiyo iende. Na wale wadandiaji muwarudishe wote."

Jumamosi picha ilikuwa mlangoni, ndefu kuliko watu wanaoitazama, moshi mahali pake, sahani mahali pake. Kibao kilisema kwamba hili ni jiko la vitani na huyu ni mpishi wake. Afande alifika mapema, bakora mkononi, ana kicheko tayari mfukoni.

"Mzee mwenzangu! Nasikia mzinga umegeuka sufuria."

"Afande," Jenerali akasema kwa upole wa kutisha, "ulipokuwa jeshini, ni siku ngapi ulikwenda kulala bila kupiga risasi?"

"Ah, zote. Nilikuwa ghalani."

"Na ni siku ngapi ulilala bila kula?"

Afande akashusha bakora. "Hata moja," akakiri. "Na mpishi wetu, nikuambie ukweli, tulimpigia saluti kuliko kamanda."

"Basi," Jenerali akaonyesha ukutani, "nyoosha mgongo. Uko mbele ya mkubwa wako."

Akawa mlangoni pale mpaka jua likapinda, anampokea kila anayeingia, anamweleza ugumu wa kulisha jeshi kwenye upepo. Watoto wa shule walimzunguka. Aliwaambia habari za kuni mbichi, habari za kugawa sawa, mambo ambayo baba yake hakuwahi kumsimulia hata nusu. Bibi wa makumbusho alimwacha aendelee, ila mara moja moja alikohoa.

Mama Pacha alimfuata kumuaga, Kelele mgongoni, Kimya akiwa ameshikwa mkono kwa nguvu. Jenerali akamvuta pembeni, akatazama huku na huku, akainamisha sauti.

"Mwanangu, ule moshi. Huwezi kuuongeza kidogo?"

"Siwezi, baba."

"Kidogo tu. Mtu akiwa mbali auone."

"Hata kidogo. Moshi ni huo huo uliotoka siku hiyo."

Jenerali akamtazama. Mama Pacha akayakaza macho yake, ingawa hakuwahi kumkatalia baba mkwe jambo mbele ya watu.

"Na ile foleni? Watu wawili watatu?"

"Baba!"

"Haya, haya. Nilikuwa nauliza tu." Akajirekebisha kola, tayari kwa kundi lingine la watoto lililokuwa linashuka kwenye basi. "Jumatatu uwalete mapema. Na usiwape kitu njiani. Watu wakija kwangu, waje na njaa."